Kadi ya Salamu na Nyimbo za Wachunga Ng'ombe

Nilifika Shinyanga siku ya sita tangu niondoke nyumbani. Siku mbili zilikuwa za basi, kutoka Njombe hadi Iringa, kisha Iringa hadi Dodoma kwa njia ya Mtera, ambako tulishuka mara tatu kulisukuma. Siku nzima iliyofuata niliipoteza kituoni Dodoma nikisubiri treni ambayo kila mtu alisema ipo njiani. Ilipofika ilikuwa imejaa. Nilisimama mpaka Manyoni, nikakalia ndoo ya mama mmoja wa Kigogo mpaka Itigi, na kuanzia hapo nikajilaza sakafuni karibu na mlango wa choo, kichwa juu ya begi, watu wakiniruka. Tabora tulikaa kutwa tukisubiri mabehewa ya Mwanza yapate injini. Nilinunua asali iliyotiwa kwenye chupa ya bia, nikawa nainywa kidogo kidogo, na ndiyo iliyonifikisha.

Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hazikunipeleka kidato cha tano, na miguu isiyotulia. Baba alikuwa na shamba la pareto na viazi. Aliponiuliza Shinyanga kuna nini, nilimwambia kuna kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi haikuwepo. Mlinzi wa kiwanda alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Kijana, hata mimi hapa nashikilia tu nafasi ya mtu anayeumwa."

Nilipokelewa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Kazi yangu ilikuwa kupanga majora, kufagia baraza na kubishana na wateja pale tajiri alipochoka kubishana nao mwenyewe. Ningeondoka mwezi wa kwanza kama si redio-kaseti ya mke wake. Mama yule alikaa nyuma ya kaunta akikunja vitenge, na kutwa alipiga nyimbo za wanawake wa Kimarekani, wale wanaoimba kwa gitaa na fidla, sauti zao zikitetemeka mwisho wa mstari kama za mtu anayezuia kilio kwa sababu kuna wageni. Nilizijua nyimbo hizo tangu shule. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na santuri tatu za namna hiyo na alituruhusu kuzisikiliza Jumamosi ili tujifunze matamshi. Matamshi sikujifunza. Nilijifunza kukaa kimya wimbo unapopigwa.

"Sikia hii," mama wa duka aliniambia siku moja. "Huyu hapa ameimba kwa watu wake wa ng'ombe tu. Gitaa, fidla, basi." Akatoa kaseti, akatia nyingine. "Sasa sikia hii."

Ilikuwa sauti ileile, lakini nyuma yake palikuwa na vinanda, ngoma ya disko na wanawake wengine wakiitikia.

"Hapa amevuka," alisema. "Mjini wanacheza, London wanacheza, mimi hapa Shinyanga nakunjia vitenge. Lakini watu wa ng'ombe wamekasirika. Wanasema ametukimbia huyu."

"Na wewe mama unapenda ipi?"

"Mimi?" Akacheka. "Mimi nilizaliwa Tabora, nikaolewa nikaletwa huku. Napenda zote mbili."

Msimu wa pamba ulipofika, watu wa vijijini waliouza pamba yao walikuja kununua nguo, na wengi walisimama barazani bila kununua chochote. Walikuwa wanasikiliza. Wametoka Didia, wametoka mpaka upande wa Mhunze, Kiingereza hawajui, lakini wimbo ukianza mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alisimama pale mpaka uishe, ndipo akaendelea na safari. Nimesoma baadaye kwamba nyimbo za wanawake wale zilisifiwa kwa kuvuka kutoka kwa wachunga ng'ombe kwenda kwa watu wa mjini. Kwetu zilikuwa zimeshavuka mjini na kurudi tena kwa wachunga ng'ombe, ila hawa walikuwa Wasukuma.

Nilidumu msimu mmoja. Watu walikuwa wakizungumza kuhusu dhahabu ya upande wa Geita, na mimi mtu akisema neno "upande wa" tayari nimeshavaa viatu. Nilinunua redio ya bendi tatu iliyovunjika mpini, nikapanda lori la chumvi.

Machimbo niliyofikia sasa yamekwisha. Nilisikia pamebaki mashimo na mikaratusi. Wakati huo palikuwa na watu labda mia tatu, kutoka kila kona ya nchi. Kila kikundi kilikuwa na duara lake, yaani shimo linaloshuka wima, limezuiwa na miti ili kuta zisianguke. Wenye nguvu na moyo walishuka. Mimi nilivuta kamba juu, ndoo baada ya ndoo. Mawe yalipopanda yalitwangwa kwenye vinu vya chuma, na sauti ya vinu hivyo ilianza asubuhi na kuisha jua likizama.

Mahali pa kula palikuwa kwa mama ntilie mmoja wa Kisukuma, mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, mrefu, mwenye mwanya. Kibanda chake kilikuwa cha nyasi na mabati mawili. Alipika ugali wa mtama, mlenda, dagaa, na siku njema michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Wachimbaji Wasukuma walimwita "mayu", mama. Sisi wengine tulimwita kwa jina la binti yake, kama ilivyo desturi. Jina hilo sitaliandika hapa. Nililiandika mara moja, na ndiyo habari ninayoisimulia.

Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la nne. Shule ilikuwa kijiji cha pili, mwendo wa saa moja, na hakukosa hata siku moja. Mama yake alimpaka mafuta miguuni kila asubuhi, akamtazama mpaka apotee nyuma ya kichuguu, ndipo akawasha moto.

Redio yangu ikawa redio ya kibanda. Betri siku zile zilikuwa adimu, kwa hiyo tuliziweka juu ya bati zipate jua, zikapona kwa saa mbili zaidi. Kituo kilichosikika vizuri upande ule wa ziwa kilikuwa cha nchi jirani, na Jumapili mchana kilikuwa na kipindi cha salamu. Watu walituma kadi, mtangazaji akasoma majina, kisha akapiga wimbo ulioombwa. Nyimbo za wale wanawake zilipigwa sana.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza mchimbaji mmoja mzee, siku ya kwanza, mdomo umejaa ugali.

"Wamarekani. Nyimbo za watu wanaochunga ng'ombe."

"Wazungu wanachunga ng'ombe?"

"Wengi tu. Wanatembea nao mwezi mzima, wanalala porini, wanavaa kofia pana."

"Basi ni Wasukuma," alisema mzee, na suala likaisha. Tangu siku hiyo nyimbo hizo ziliitwa za Wasukuma weupe.

Ilizuka hata mabishano. Wachimbaji wa kutoka Mwanza na Bukoba walitaka zile zenye ngoma ya disko. Wasukuma wa vijijini walisema zile ni za kupotea njia, wakataka za gitaa tupu. Upande wa pili wa machimbo kulikuwa na kilabu cha pombe kilichopiga muziki wa dansi wa Kikongo, na Jumapili watu waligawanyika. Anayejua ngoma za Kisukuma za baada ya mavuno anajua maana yake. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu wavuke kutoka kwa mwenzake. Watu wanahama, wanarudi, wanahama tena, na jioni ndipo inajulikana.

Siku moja mama ntilie aliitikia wimbo. Alikuwa anasonga ugali, mgongo ametugeuzia, akaingia kwenye sauti ya yule mwanamke kama anaingia jikoni kwake. Maneno hakuyajua. Aliimba sauti tu, na pale maneno yalipohitajika alitia ya Kisukuma. Nikaona kwa macho yangu watu wa kilabu wakitoka mmoja mmoja, chupa mkononi, wakivuka uwanja kuja kwetu.

"Mayu umewala!" mzee alipiga kelele. "Umewala wote, amebaki mwenye kilabu na mbwa wake!"

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka namna hiyo.

Juma lile aliniita mchana, wengine wakiwa kazini. Alikuwa anachambua mboga. Nilikuwa nimeshamfasiria wimbo ule alioupenda kuliko zote, ambao mwanamke anamwambia mumewe aliyesafiri kwamba hajahamisha kitu, kikombe chake kiko palepale, arudi tu.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo walivyoniita kwa sababu ya kidato cha nne. "Zile kadi za redio unaweza kuandika?"

"Naweza, dada."

"Andika moja ya kweli. Si za utani kama za hawa wachimbaji."

Ndipo akaniambia. Mumewe alikuwa mchimbaji. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Hakurudi wala hakuleta neno. Yeye na binti walibaki kwa wakwe, kijiji kimoja ng'ambo ya Mhunze. Mwaka wa kwanza walikaa vizuri. Mwaka wa pili shemeji yake mkubwa alianza kupokea mgeni, mtu mzima mwenye ng'ombe wengi, akija anaulizia binti. Hakuna aliyetamka neno ndoa. Walisema tu kwamba mtoto anakua vizuri, na kwamba shule inachosha miguu. Siku aliyomkuta mgeni akimpima binti urefu kwa fimbo yake, huku akicheka, alifunga mzigo. Walitembea siku mbili kabla ya kupata lori.

"Kwa nini usiende kwa wazazi wako?"

"Ng'ombe wa mahari walikuja kwa baba yangu. Unadhani atawarudisha? Angenishika mkono akanipeleka mwenyewe." Alikata mboga. "Mwenye neno juu ya yule mtoto ni baba yake. Akisema hapana, ndugu zake wananyamaza. Kwa hiyo namtaka asikie."

"Atasikia vipi kadi?"

"Chunya wana redio. Watu wa duara wote wana redio. Na wimbo huu tuliusikia wote wawili, Shinyanga, siku tuliyouza pamba, kwenye baraza la Mhindi mmoja. Tulisimama mpaka jua likatuchoma. Yeye akasema huyu mwanamke analia kwa sababu ng'ombe wake wamepotea." Alitabasamu. "Weka jina lake, na jina langu, na wimbo. Basi. Jina la hapa usiweke."

"Sasa atakujaje, kama hajui ulipo?"

"Watu wa duara wanajuana. Akijua niko hai na niko machimboni, atauliza. Siku tatu atakuwa amepata. Wale ndugu zake hawana wa kumuuliza."

Nilisema sawa.

Kadi nilizinunua Geita nilipokwenda kutafuta betri. Zilikuwa zimepigwa chapa, zina mistari ya kujaza: mimi fulani, nikiwa mahali fulani, nawasalimu wafuatao. Nilikaa chini ya mkaratusi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Nilipofika kwenye mstari wa mahali, nilisimama. Nakumbuka nilichofikiri, kwa hiyo siwezi kujitetea. Nilifikiri kwamba yule ni mwanamke asiyejua kusoma na hajui posta inavyofanya kazi. Nilifikiri kadi yenye mstari mtupu itatupwa kapuni. Na nilifikiri jinsi jina la machimbo yetu litakavyosikika redioni, likisomwa na mtu aliyevaa tai, na kelele zitakazopigwa. Nikaliandika. Kwenye mstari wa wanaosalimiwa palibaki nafasi, na nafasi nayo sikuweza kuiacha, nikaandika na jina la binti, anamsalimu baba yake popote alipo.

Niliitia posta palepale Geita, ikakaa huko redioni wiki saba. Nilishaisahau. Jumapili moja mchana tulikuwa tumejaa kibandani, betri zimetoka kuota jua, mtangazaji akaanza kusoma jina la mama ntilie. Watu walishtuka, wakashikana. Akasoma jina la machimbo, akalikosea kidogo, na kelele zilizopigwa zilifunika jina la mume. Kisha, taratibu, kwa upole wa watangazaji wa siku zile, akasoma jina la binti.

Binti alikuwa amesimama mlangoni ameshika ndoo. Alifunika uso. Mama yake alipiga vigelegele, virefu, kichwa ameinua. Wimbo ukaanza. Wachimbaji walimbeba mtoto begani wakamzungusha. Katika kelele zile mama aligeuka akanitazama mara moja, kitambo kidogo tu, kisha akarudi kwenye chungu chake. Nilijiambia kwamba amefurahi.

Wiki ya kwanza tulimsubiri mume. Kila lori lililosimama barabarani, mama alitoka na kitambaa cha mikono akaangalia. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, asubuhi, walikuja wanaume watatu kwa baiskeli mbili.

Aliyetangulia alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa koti juani. Alisimama nje ya kibanda, akavua kofia, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Mama ntilie alipiga goti, kama inavyompasa kwa shemeji mkubwa. Mkononi bado alikuwa na mwiko. Aliitikia kwa sauti ndogo, kisha akawaletea maji ya kunawa, na wakala. Walikula bila haraka. Mimi nilikuwa nimeketi pale na wachimbaji wanne wa zamu ya mchana, na kwa muda nilidhani ni wateja.

"Ugali wako haujabadilika," alisema shemeji. "Mama anakusalimia sana. Tumekuja na barua ya balozi wa nyumba kumi, tusije tukaonekana wezi."

"Nani aliwaambia niko hapa?"

"Si wewe mwenyewe ulitusalimia?" Alishangaa kweli. "Mama alikuwa anapepeta mtama. Redio ni ya jirani. Akasikia jina la mjukuu wake, akasikia na jina la mahali. Alilia kwa furaha. Mwaka mzima tunatafuta, shemeji. Tulidhani mmekufa." Akatutazama sisi. "Nani alimwandikia? Maana yeye shule hakwenda."

Wachimbaji walinigeukia wote kwa pamoja.

"Mimi," nilisema.

Aliinuka, akaja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wabeja sana, mdogo wangu. Asante sana. Umetusaidia. Mungu akujalie."

Mpaka leo sijapata kushikwa mkono kwa heshima kama ile.

Waliitwa wazee wa machimbo, na mwenyekiti wao alikuwa yule mzee wa Wasukuma weupe. Barua ilitolewa. Mzee aliigeuza, akanipa. "Mwalimu, tusomee."

Niliishika. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, ikiomba mchukuaji wa barua asaidiwe kumrudisha nyumbani mtoto wa ukoo wao. Nilifikiria kusoma kitu kingine. Lakini mmoja wa wale watatu, ndugu mdogo wa shemeji, alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na midomo yake ilikuwa ikifuata maneno. Nikasoma ilivyo.

"Mzee wangu," nilimwambia yule shemeji nilipomaliza, "mtoto anasoma. Yuko darasa la nne."

"Na kwetu tunafundisha mbuzi?"

Wachimbaji walicheka. Hawakuwa na ubaya, ilikuwa ni utani mzuri tu umesemwa vizuri.

"Baba yake hajasema lolote," nilisema.

"Baba yake hayupo. Asipokuwepo, baba ni mimi. Kwani nyinyi huko kwenu mnafanyaje?"

Njombe tunafanya hivyohivyo.

Nilimtazama mzee. Aliangalia chini, akachora mstari kwa kidole cha mguu. "Ng'ombe walitoka," alisema kwa Kiswahili, ili sisi wa kuja tuelewe. "Hapa hatuna neno." Watu hawa walikuwa wakila kwa yule mama kila siku. Wangepigana na polisi kwa ajili yake, na nadhani wangepigana na mwenye kilabu. Lakini hili halikuwa jambo la kupigania kwao, na mimi niliyeona kwamba ni la kupigania nilikuwa mtu mmoja, mvuta kamba, mgeni.

Kuhusu mgeni mwenye ng'ombe hakuna aliyetamka neno. Mama mwenyewe hakulitaja. Nilitaka alitaje, nikamwangalia, akatikisa kichwa kidogo. Baadaye nilielewa. Hakukuwa na kitu cha kutaja: hakuna aliyeomba, hakuna aliyepokea. Palikuwa na fimbo tu, na kicheko.

Binti alirudi saa nane. Alipomwona baba yake mkubwa alitupa daftari, akakimbia. "Shikamoo baba mkubwa!"

"Marahaba, mama yangu. Umekuwa mrefu."

Alifurahi. Alizunguka baiskeli, akagusa kengele. Alipoona nguo zake zimefungwa ndani ya khanga ndipo akauliza, "Na mama?"

"Mama atakuja," alisema baba mkubwa.

Mama alimkalisha kwenye kigoda akampaka mafuta miguuni, ingawa ilikuwa mchana na alikwishampaka asubuhi. Alipaka mpaka vidole, kimoja kimoja. Hakulia. Mtoto alipandishwa nyuma ya baiskeli, akashika koti la baba yake mkubwa, wakaondoka wakikwepa mashimo. Vinu vilikuwa havijanyamaza hata mara moja.

Siku mbili nilikwepa kibanda. Siku ya tatu nilikwenda asubuhi, kabla ya watu. Alikuwa anaosha sufuria.

"Dada," nilisema, "ni mimi. Uliniambia nisiandike jina la hapa. Na mtoto sikuambiwa nimwandike."

"Najua. Nilikuwepo, redio ikisoma."

"Nisamehe."

Alisugua sufuria kwa majivu, muda mrefu. "Nilisikia jina la mwanangu linatoka mbali kule, linatajwa na mtu mkubwa. Nikapiga vigelegele. Hukunisikia? Ni mimi nilipiga, si wewe. Na kama ni kuondoka, nilikuwa na wiki tatu za kuondoka. Nilijua watasikia. Kila siku nikasema, ngoja kesho, labda baba yake naye amesikia, akija akute nimehama itakuwaje?" Aliinua sufuria kuitazama. "Usijibebeshe yote, mwalimu. Ulisoma, ukaandika kama ulivyofundishwa."

Ningependa angenitukana.

"Sasa utafanya nini?"

"Narudi. Nikikaa hapa watamwoza nisijue. Nikiwa pale, watanipita mimi kwanza."

"Watakupokea?"

"Watanipokea. Mkwe atanisema mwaka mzima, kisha atachoka."

"Nikusindikize mpaka huko?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona mwanya wake. "Uje kama nani?"

Aligawa vyombo vyake kwa wanawake waliotwanga mawe. Mabati mawili alimwachia mzee, ambaye aliyapokea bila kumtazama usoni. Asubuhi ya Jumatatu nilibeba mzigo wake mpaka barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu. Nami nilikuwa na begi langu. Nilikuwa nimemwambia mwenye duara kwamba sirudi, naye akaniuliza kama nimepata ugonjwa. Redio niliiacha kwa wenzangu wa kamba, sikutaka kuitembeza.

Njiani tulizungumza mambo madogo. Aliniuliza kama Njombe kuna baridi kweli kama wanavyosema, nikamwambia kuna mwezi maji yanaganda kwenye majani. Hakuamini. Alisema wanaume wa huko lazima wanaoga mara moja kwa mwaka. Nilimwambia mara mbili. Kilichobaki cha njia tulisikia nyayo zetu tu.

Lori la pamba linaloelekea Shinyanga lilisimama. Utingo alimvuta juu ya magunia, nikamrushia mzigo wake. Aliketi, akajifunga khanga kichwani kwa ajili ya upepo.

"Na wewe je?" utingo aliniuliza. "Unapanda hupandi?"

Nilimwangalia yeye kule juu. Alikuwa ameshageuza uso mbele, anaangalia barabara.

"Sipandi," nilisema.

Lori liliondoka. Kama mumewe aliwahi kusikia, kama binti alimaliza darasa la saba, kama yule mwenye ng'ombe alipita au hakupita, sijui. Nimepita Shinyanga mara mbili tangu hapo nikiwa ndani ya treni, na mara zote mbili sikushuka. Siku ile nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka jua likawa kichwani. Gari la kwanza lililokuja lilikuwa la kwenda Biharamulo, limebeba mbao. Nilipanda. Hatukuwa tumefika mbali sana dereva aliponiuliza nakwenda wapi, nikamwambia atakaposhukia yeye.